Mnada wa miti ya halmashauri ulipangwa chini ya mti kabla haujaanza: je, bado tuna haki?

Wakili wetu, salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi seremala na wapasuaji mbao kumi na wanane katika wilaya mojawapo ya Nyanda za Juu Kusini. Tuna mashine moja ya kupasulia mbao, zile ambazo huku kwetu tunaziita dingdong, na kwa miaka sita tumeishi kwa kununua misindano, yaani miti ya paini, ya wakulima wadogo, kuipasua mbao za mbili kwa nne na za moja kwa nane, na kuwauzia wajenzi. Siku hizi miti ya wakulima ni myembamba, kwa kuwa wengi huikata ikiwa bado michanga ili walipe ada za watoto. Kwa hiyo tuliposikia kwamba halmashauri yetu ingeuza kwa mnada misindano iliyokomaa katika msitu wake, tulichangishana, tukakopa kiasi kwenye chama cha akiba na mikopo, na tukaamua kushiriki.

Tangazo lilibandikwa Jumanne kwenye ubao ulio ndani ya ofisi ya halmashauri, na mnada ukawekwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Vijiji vinavyopakana na msitu havikuletewa nakala, na sisi tulipata habari Alhamisi jioni kutoka kwa dereva wa lori. Tangazo lilisema kwamba miti ingeuzwa ikiwa imesimama, katika vitalu vinne vya makadirio ya mita za ujazo 600 kila kimoja. Kwamba palikuwa na bei ya kianzio kwa kila mita ya ujazo, na hakuna kitalu ambacho kingeuzwa chini ya bei hiyo. Kwamba mshindi angelipa robo siku ile ile na salio ndani ya siku 14. Na kwamba asiyelipa angenyang'anywa kitalu, nacho kingetangazwa upya. Nililipiga picha kwa simu, na picha ninayo. Tulijiandikisha na kuweka dhamana iliyotakiwa, na stakabadhi tunayo pia.

Asubuhi ya mnada, kabla dalali hajafika, mfanyabiashara mmoja aliwakusanya wanunuzi chini ya mti na kuwaambia, "Jamani, tusiuane kwa bei." Wakagawana vitalu pale pale. Mnada ulipoanza, kila kitalu kilipandishwa mara mbili au tatu tu juu ya kianzio, kisha watu wakanyamaza. Tulikuwa tumekubaliana kikundini kwamba tungepigania kitalu cha tatu hadi kiasi fulani, na mtunza hazina wetu ndiye aliyekuwa na jukumu la kunyoosha mkono. Hakunyoosha. Nilipomuuliza alisema aliona bei haitatulipa.

Wiki tatu baadaye, yaani jana, nimejua mambo mawili kwa siku moja. La kwanza, aliyeshinda kitalu cha tatu hakulipa salio, lakini kitalu hicho hakikutangazwa upya, bali amepewa mtu mwingine ambaye hata mnadani hakuwapo, kwa mazungumzo ya ofisini, na kwa bei iliyo chini ya kianzio. Karani mmoja amenionyesha ankara ya mauzo hayo. Watu wa kijiji cha jirani wanasema malori yanatoa magogo humo usiku. La pili, mtunza hazina wetu, ambaye ni shemeji yangu aliyeoa dada yangu mdogo, amekuja nyumbani akilia na kuniambia kwamba siku ile alipewa bahasha ya shilingi 300,000 ili asinyooshe mkono. Fedha hizo hajazitumia.

Naomba unisaidie. Je, mauzo hayo ya kitalu cha tatu ni halali, na kama si halali tunaweza kuyapinga, au muda umekwisha? Nifanye nini na shemeji yangu, ambaye nikimtaja ninavunja nyumba ya dada yangu, na nisipomtaja ninawadanganya wenzangu kumi na sita waliobaki? Na mwisho, wazee wetu wanasema miti ile waliipanda wao kwa mikono yao, kwa hiyo sisi wenyeji tulistahili kuuziwa kwa bei nafuu bila mnada. Wana hoja kisheria?

Ni mimi, Katibu wa kikundi, Nyanda za Juu Kusini.

*

Ndugu Katibu,

Barua yako iliponifikia nilikupigia simu siku hiyo hiyo, kwa sababu mojawapo ya haki zako ilikuwa imebakiza siku chache tu, na jibu la gazetini lingekufikia ikiwa imekwisha kufa. Tuliyozungumza nayaandika hapa kwa urefu zaidi, kwa kuwa wasomaji wengi wanaoishi kando ya misitu ya Serikali wamewahi kuniletea kisa kinachofanana na chako, na karibu wote walichelewa.

Tuanze na mali yenyewe. Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, inatofautisha misitu ya hifadhi ya Taifa, ya mamlaka za serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Msitu wenu ni wa kundi la pili, kwa hiyo ni kweli kwamba halmashauri ndiyo inayousimamia na ndiyo inayopokea fedha. Lakini kusimamia si kumiliki kama mtu anavyomiliki ng'ombe wake, ambaye anaweza kumuuza kwa rafiki kwa bei ya kirafiki na asiulizwe na yeyote. Ibara ya 27 ya Katiba yetu inamtaka kila mtu ailinde mali ya mamlaka ya nchi na ile inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na ibara hiyo inamgusa ofisa aliyeandika ankara kama inavyokugusa wewe unayeuliza. Kwa sababu hiyo mazao ya msitu wa umma yakiuzwa kwa ushindani, ushindani huo si hisani ya ofisi kwa wanunuzi. Ni njia ya kumhakikishia mwananchi ambaye hayupo mnadani kwamba mali yake imepata bei yake.

Sasa nisimame kwenye tangazo, maana hapo ndipo penye uzito wa kesi yako yote, na ninafurahi sana kwamba ulilipiga picha. Watu wengi hudhani mnada ni ile saa moja ya kelele na nyundo. Kisheria, mnada unaanza pale masharti yanapotangazwa, na muuzaji wa umma anafungwa na masharti yake mwenyewe kama wanavyofungwa wanunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaihesabu miti iliyosimama kuwa ni bidhaa ikiwa makubaliano ni kwamba itakatwa kabla ya mauzo au kwa mujibu wa mkataba wa mauzo; basi misindano yenu, ingawa bado ina mizizi ardhini, iliuzwa chini ya kanuni zile zile za mnada zinazohusu gari au mashine. Kanuni hizo zinasema kwamba kila kitalu kilichotajwa peke yake ni mkataba wa peke yake; kwamba mauzo yanakamilika nyundo inapogongwa, na kabla ya hapo mnunuzi anaweza kuondoa bei aliyoitaja; kwamba muuzaji anaweza kuweka bei ya chini kabisa mradi aitangaze kuwapo kwake; na kwamba muuzaji haruhusiwi kupandikiza mtu wake wa kupandisha bei iwapo hakutangaza kujiwekea haki hiyo.

Kutokana na kanuni hizi utaona kwamba kitalu cha tatu kina maisha yake, mbali na vile vitatu vingine. Nyundo ilipogongwa, palikuwa na mkataba kati ya halmashauri na mshindi, kwa bei aliyoitaja yeye na kwa masharti ya siku 14. Aliposhindwa kulipa, mkataba huo ulivunjika, na tangazo lilikuwa limekwisha kusema kitakachofuata: kitalu kitangazwe upya. Halikusema kwamba ofisa atatafuta mnunuzi mwingine, wala halikusema kwamba bei ya kianzio inakufa pamoja na mshindi wa kwanza. Mtu aliyepewa kitalu bila kuwapo mnadani hakununua katika mnada ule. Alinunua katika mauzo mengine kabisa, ambayo hayakutangazwa popote, hayakuwa na mshindani hata mmoja, na yalikuwa chini ya bei ambayo halmashauri yenyewe iliwaambia wananchi kwamba haitashuka. Kwa maoni yangu mauzo hayo hayana mguu wa kusimamia, na ningelisema hili hata kama mnunuzi huyo angekuwa mtu mwema anayelipa kodi zake zote.

Kuhusu njia ya kulalamika, Sheria ya Ununuzi wa Umma, Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, haihusu manunuzi ya ofisi peke yake kama jina lake linavyoweza kumfanya mtu adhani, kwa kuwa inahusu pia uondoshaji wa mali ya umma kwa njia ya zabuni na ushindani. Mwenye malalamiko anayapeleka kwanza, kwa maandishi, kwa afisa masuuli wa taasisi, ambaye kwa halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Na muda wake ni siku 5 za kazi tangu alipojua, au alipopaswa kujua, jambo analolilalamikia. Asiporidhika na uamuzi, au asipojibiwa ndani ya muda, anakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na huko nako milango hufungwa baada ya siku chache za kazi. Hii ndiyo sababu nilikuhimiza kwa simu uandike malalamiko usiku ule ule.

Zingatia pia ni jambo gani unalolalamikia. Una manung'uniko juu ya tangazo la siku nne, na yana msingi. Mnunuzi wa miti iliyosimama ananunua makadirio. Wataalamu hupima kipenyo cha mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, wakakadiria urefu, kisha wakapata ujazo kwa kutumia majedwali. Na mpasuaji mbao mwenye uzoefu hataki kuamini majedwali hayo mpaka ameuzunguka msitu mwenyewe, ameona mashina yaliyopinda na yenye mafundo, na amejua lori litaingilia wapi. Kumpa mtu kama huyo siku mbili ni sawa na kumwambia asije. Lakini suala hili ulilijua Alhamisi ile ile, ukashiriki bila kulalamika, na sasa zimepita wiki tatu. Ukilifanya kuwa hoja yako ya kwanza watakujibu kwa neno moja tu, kwamba umechelewa, na jibu hilo litafunika na ile hoja iliyo hai. Kitalu cha tatu ulikijua jana yake. Simama hapo. Tangazo fupi na vijiji kutopewa nakala viandike kama maelezo ya mazingira, visiwe ndivyo unavyoombea nafuu.

Huenda halmashauri ikakujibu kwamba kilichotolewa ni kibali cha uvunaji chini ya Sheria ya Misitu na wala si uuzaji wa mali, na kwamba kwa hiyo Mamlaka ya Rufani haina nguvu ya kusikiliza. Mimi siioni kuwa hoja nzuri, maana waliita mnada wao wenyewe na wakachukua dhamana zenu. Lakini usiende bila kujiandaa nayo. Ikitokea wakashinda hapo, bado Mahakama Kuu inaweza kuombwa ifanye mapitio ya uamuzi wa ofisa wa umma, iutengue na kuagiza sheria ifuatwe, na maombi ya ruhusa ya kufungua shauri la namna hiyo yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Ukitaka badala yake kudai fidia kwa kesi ya kawaida ya madai, ujue kwamba itabidi utoe kwanza notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku 90 ni nyingi mno kwa msitu ambao tayari umeingiwa na misumeno, na kwa sababu hiyo sikushauri uianzie huko.

Ushahidi ndio utakaoamua, na hapa naomba univumilie niseme jambo ambalo halitakupendeza. Ankara uliyoonyeshwa na karani ni ushahidi uliouona kwa macho yako ila hauko mikononi mwako, na yule karani anaweza kupoteza kazi ukimtaja. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo katika ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Omba kwa jina la kikundi muhtasari wa mnada, orodha ya walioshiriki, bei iliyofikiwa kwa kila kitalu, uthibitisho wa malipo, na barua iliyohamisha kitalu cha tatu. Wakikupa, karani wako amekwisha kuondoka katika habari hii. Wakikataa, kukataa kwenyewe ni kwa maandishi, na kutakufaa mbele ya Mamlaka na mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye hesabu za halmashauri hupitia mikononi mwake kila mwaka.

Malori ya usiku nayo yasiachwe yapite kama uvumi wa kijijini. Mazao ya misitu hayasafirishwi kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, na gogo linalotoka msituni kihalali linakuwa limelipiwa, limegongwa nyundo ya alama, na lina hati ya kusafirishia inayotaja lilikotoka, kiasi chake na linakokwenda. Wanaoyaona malori hayo waandike tarehe, saa na namba ya gari, kisha mwenyekiti wa kijiji apeleke taarifa kwa ofisa misitu na kituo cha polisi akiwa na muhuri wa kijiji. Msiyazuie barabarani kwa nguvu, hata kidogo. Nimeona vijana walioonewa wakageuka washtakiwa kwa kosa la namna hiyo.

Nakuja sasa kwenye ile bahasha.

Katika sheria ya Kiingereza ambayo misingi ya kanuni zetu za mnada ilitokana nayo, kwa muda mrefu wanunuzi kupatana wasishindane halikuwa kosa. Mwaka 1921 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Rawlings dhidi ya General Trading Company, ilikubali kuyatambua makubaliano ya aina hiyo baina ya wanunuzi wa bidhaa za ziada za Serikali, ingawa jaji mmoja, Scrutton, alikataa na kuona kwamba umma ndio ulioumizwa. Miaka sita baadaye, mwaka 1927, Bunge la huko lilitunga sheria dhidi ya wafanyabiashara wanaowalipa wenzao ili wasitaje bei mnadani. Nakueleza historia hii kwa sababu yule aliyesema "tusiuane kwa bei" pengine anaamini kwamba ni ujanja wa biashara tu, na kwamba babu zake katika biashara walifanya hivyo hivyo. Hapa kwetu jibu limekwisha kuandikwa. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inapiga marufuku washindani kupanga bei na kula njama katika zabuni na minada. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, ina kifungu chake mahsusi, cha 18, kinachohusu rushwa katika minada: anayetoa chochote ili mtu ajizuie kutaja bei ametenda kosa, na anayepokea ametenda kosa. Shemeji yako yumo ndani ya kifungu hicho, Ndugu Katibu, na machozi yake hayamtoi.

Lakini angalia njia zilizo mbele yenu. Ukinyamaza na kuendelea na malalamiko, siku ya kusikilizwa yule mtoa bahasha atakuwa wa kwanza kusimama na kusema kwamba kikundi kinacholalamika kilipokea fedha yake ili kikae kimya. Mahakama inapoombwa kufanya mapitio huwa na hiari ya kutoa au kunyima nafuu, na humtazama kwanza mwombaji mwenyewe, kama amekuja akiwa msafi na amesema yote. Kesi yenu itaanguka hapo, na shemeji yako atashtakiwa vilevile. Ukinyamaza na kuacha malalamiko, mtoa bahasha anakuwa ameinunua midomo ya watu kumi na wanane kwa shilingi 300,000, na mnada ujao ataleta pungufu ya hapo. Ukimripoti wewe kwa siri, umemsaidia mwananchi, ila umemnyima shemeji yako jambo la pekee ambalo bado linaweza kumfaa, nalo ni kwenda mwenyewe.

Kwa hiyo mwite, dada yako akiwepo, mweleze kwamba aende TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kwa miguu yake, ikiwezekana akiongozana na wakili, akiwa na fedha hizo zote zikiwa ndani ya bahasha ile ile, na atoe maelezo kamili: nani alimpa, wapi, nani mwingine alipokea, na kwa maneno gani. Asimrudishie mtoaji fedha hizo. Najua adabu zetu zinamwambia mtu arudishe cha mwenyewe, lakini kuzirudisha kimya kimya ni kuharibu ushahidi na kuwa na siri ya pili na mtu yule yule. Asiziingize kwenye mfuko wa kikundi pia. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayomkinga anayefichua uovu kwa nia njema dhidi ya kulipiziwa kisasi. Sitakudanganya kwamba inamfutia kosa aliyeshiriki, na uamuzi wa kumshtaki au kumtumia kama shahidi si wangu wala si wako. Ninachoweza kusema kwa uzoefu wa miaka mingi ni kwamba aliyekuja mwenyewe na bahasha isiyofunguliwa husikilizwa tofauti na aliyefuatwa nyumbani.

Mpe siku mbili. Baada ya hizo, itisha kikao cha kikundi, yeye aseme mwenyewe mbele ya wenzake, na kikao kiandikiwe muhtasari unaoonyesha kwamba kikundi hakikujua, kwamba kilikuwa kimeamua kupigania kitalu cha tatu hadi kiasi kilichowekwa, na kwamba kimemsimamisha utunza hazina. Muhtasari huo uambatanishwe na malalamiko yenu kwa Mkurugenzi, hata kama itabidi uupeleke kama nyongeza. Dada yako atakulaumu, na huenda lawama hiyo ikachukua muda mrefu. Lakini umekwisha kuwaandikia watu usiowajua kuhusu jambo hili kabla ya kuwaambia wenzako, na mimi naichukua hiyo kuwa ishara kwamba mzigo wa kunyamaza umekushinda tangu siku ya kwanza.

Kuhusu wazee na jasho lao, nawaheshimu, na hoja yao ni nzito kibinadamu. Kisheria kupanda mti kwa ujira, au kwa kazi za kujitolea katika msitu wa halmashauri, hakumpi mpandaji haki ya kununua bila ushindani. Msichanganye pia na lile takwa la Sheria ya Ununuzi wa Umma la kuvitengea vikundi maalumu asilimia 30 ya zabuni. Takwa hilo ni juu ya kile ambacho Serikali inanunua kutoka kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, si kile inachoviuzia.

Hata hivyo wazee wako wamegusa jambo ambalo mimi naliona ndilo linalowafungia nje wanyonge katika minada mingi bila sheria yoyote kuvunjwa, nalo ni ukubwa wa kitalu. Mtu mwenye dingdong moja hawezi kulipa robo ya mita za ujazo 600 siku moja na salio katika wiki mbili. Vitalu vikiwa vinne, wanunuzi wenye uwezo nao ni wanne au watano, na watu watano wanaenea chini ya kivuli cha mti mmoja. Vikigawanywa kuwa ishirini na vinne vya mita za ujazo 100, njama ile inahitaji bahasha nyingi mno na midomo mingi mno ya kufungwa. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania umewahi kuuza misaji, ambayo wengi huiita mitiki, ya mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Mvomero kwa mnada wa kielektroniki, ambamo mnunuzi hutaja bei bila kuonana uso kwa uso na mshindani wake. Njia hiyo haiondoi kila hila, kwa kuwa watu wanaweza kupatana kwa simu, lakini inamnyima mgawaji bahasha ule mkusanyiko wa asubuhi. Haya yote hayahitaji kesi. Diwani wenu anaweza kuyapeleka kwenye Baraza la Madiwani kabla ya mnada ujao, mkimpa kwa maandishi: vitalu vidogo, tangazo lifike katika kila kijiji kinachopakana na msitu, siku za kutosha za kukagua miti, na matokeo ya kila kitalu yabandikwe pale pale lilipobandikwa tangazo. Iwapo diwani huyo ana ndugu au mshirika katika biashara ya mbao, anapaswa kulitamka hilo na kutoka nje wakati wa mjadala, nanyi mna haki ya kumkumbusha.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji. Malalamiko kwa Mkurugenzi peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa, na hiyo urudi nayo. Ndani yake omba mambo mawili tu: uhamisho wa kitalu cha tatu utenguliwe na ukataji usimamishwe mara moja mpaka uamuzi utolewe, na kitalu hicho, au kiasi kitakachokuwa kimebaki, kitangazwe upya kwa masharti yale yale. Usiombe kikundi chenu kipewe kitalu hicho moja kwa moja. Huna haki hiyo, na ukiiomba utakuwa unaomba lile lile ambalo unamlalamikia mwenzako kwa kupewa.